Magunia Hayarudi Matupu

Kila ninayekutana naye hapa Mjimwema ananiuliza swali lilelile, tena huku ameziba mdomo asicheke: "Zakayo, ni kweli ulisafiri na mama mkwe wako mpaka Dar es Salaam, mkarudi na magunia ya takataka?" Ni kweli. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama barabarani wakati viazi vyangu vinapigwa jua, kwa hiyo nimeamua kuandika. Someni, mpeane, kisha mniache nifanye biashara.

Asiyenijua ajue kwamba mimi ni mchuuzi wa viazi. Tangu ije ruksa ya kila mtu kuuza chake, nanunua viazi Kichiwa, kijijini kwa wakwe zangu, navipakia kwenye lori la rafiki yangu Shabani wa Makambako, navyo vinashuka pwani. Lori hurudi na bati, mitumba na sabuni, na chini kabisa magunia yangu matupu, yamekunjwa.

Magunia hayo ndiyo yaliyoanzisha yote. Siku moja niliyarudisha nyumbani kwa mama mkwe, nikayaweka mlangoni. Tangu ruzuku iondolewe na mbolea ya dukani ipande bei, shamba lake lilikuwa limechoka kabisa, na viazi vyake vilikuwa vimebaki vidogo vya kuchezea bao. Akayatazama magunia, akamwambia mke wangu Eliza kwa sauti ya kunifikia mimi nje: "Mwulize mumeo. Nikimpelekea jirani kikapu cha maharage, kikapu hakirudi kitupu, hata kama ni kipande cha boga atatia. Hawa watu wa pwani wanakula shamba langu kila msimu. Mbona magunia yanarudi matupu?"

Nami kwa mdomo wangu mrefu nikajibu: "Mwambie mama aende mwenyewe akawaulize."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kesho yake alikuwa amefunga mzigo.

Kichiwa hadi Makambako

Hapa lazima nieleze habari ya ukwe wetu, kwa faida ya rafiki zangu mliotoka Kigoma na Tanga. Katika familia ya mke wangu, mama mkwe hatazamwi usoni. Huli naye, huketi naye mkeka mmoja, humsemeshi moja kwa moja, na mkikutana njiani wewe unapisha majanini. Haya hiyo huondoka siku mkwe wa kiume atakapoleta zawadi mbele ya watu na mama akaipokea. Kwa kawaida ni mbuzi. Mimi mbuzi wangu alikuwa mwakani, kila mwaka. Familia nyingi zimekwisha legeza mambo haya, lakini ya Eliza bado.

Sasa Eliza alikuwa na mtoto mchanga, hawezi kusafiri. Ikabidi niende mimi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mama alipanda mbele kwa dereva, nami nikapanda juu ya viazi, nikajifunika turubai na upepo wa Oktoba ukinichonga masikio. Alipotaka kitu alimwambia Shabani, Shabani akatoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Zaka! Mama anauliza kama hujafa kwa baridi!" Nami napiga kelele: "Mwambie bado!"

Makambako tulikwama, springi ya lori ilikuwa imekatika. Tukaingia mgahawani kungoja. Mama akakaa akiutazama ukuta wa huku, mimi nikakaa nikiutazama ukuta wa kule, migongo imepeana, kila mtu na chai yake na chapati yake. Mhudumu, kijana wa Kondoa mwenye huruma, akatutazama sana. Mwishowe akaniletea sahani ya maharage ambayo sikuiagiza, akaniinamia.

"Kaka, hii ni ya bure. Ila nakuomba kitu kimoja. Mama hakosewi. Geuka umwombe radhi, yaishe."

Shabani alitoka nje kwenda kuchekea kwenye gurudumu. Mimi sikujua nigeuke au niingie chini ya meza. Nyuma yangu nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu nimwoe Eliza: mama mkwe wangu akicheka, kidogo, puani. Moyo wangu ukapata joto ghafla, nikala maharage yote.

Makambako hadi pwani

Barabara hiyo mnaijua, sitawachosha. Mama alianza safari akiwa na sweta mbili na shali. Mlima Kitonga ulipokwisha, shali ilivuliwa. Mikumi, tairi ilipopasuka, ikavuliwa sweta ya kwanza, akashuka kuwatazama twiga kwa mbali, akamwambia Shabani kwamba mnyama yule naye lazima ana wakwe, ndiyo maana anatazama juu. Chalinze sweta ya mwisho ikatoka. Tulikula machungwa hapo, Shabani akiwa katikati yetu kama ukuta.

Kila tulipolipita lori la viazi, mama aliuliza viazi vile vimetoka wapi. Alikuwa hajawahi kuona ni vingi kiasi gani vinavyoshuka.

Kwa Mwanaidi

Mteja wangu mkubwa anaitwa Mwanaidi. Anakaanga chipsi na samaki pembeni ya soko, yeye na akina mama wenzake, mahali ambapo nyumba zinakaribiana na ghuba ndogo ya bahari. Alimpokea mama kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama! Kumbe wewe ndiye mwenye viazi? Karibu, kaa, leo utakula jasho lako."

Mama alimkabidhi maharage na chupa ya asali, akala, akasifu. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja: "Mwanangu, maganda mnapeleka wapi?"

Mwanaidi akaacha kutabasamu. "Njoo nikuonyeshe, mama."

Tuliufuata mfereji, wao mbele, mimi nyuma kwa umbali wa heshima. Ndani yake yalikuwa yanatiririka maganda ya viazi, matumbo ya samaki, maji ya mboga, na vingine ambavyo sivitaji kwa sababu mnaweza kuwa mnakula. Mfereji uliishia ghubani. Mimi nilitegemea kuona maji ya bluu kama ya kwenye kalenda. Niliona utando wa kijani, mzito kama mlenda, na samaki wadogo wamepinduka matumbo juu ukingoni. Harufu ilinikaa kooni.

"Watu wanasema bahari ni kubwa, itameza," Mwanaidi alisema. "Imemeza, mama, mpaka imeshindwa. Kila kinachorutubisha kinaishia hapa. Majani haya ya majini yanashiba, yanajaa, yakioza yanamaliza hewa ndani ya maji, samaki wanakosa pumzi. Bahari hii haifi kwa njaa. Inakufa kwa kuvimbiwa."

Mama alichuchumaa ukingoni, akautazama utando ule. Kisha akasema kwa Kibena, halafu akarudia kwa Kiswahili ili Mwanaidi asikie: "Kumbe shamba langu liko hapa."

Na akalia. Sikuwahi kumwona mama huyu akilia, hata kwenye msiba wa mumewe. Nilitamani kumshika bega, lakini haya ya ukwe ilinifunga miguu, nikabaki naangalia viatu vyangu.

Mwanaidi hakuwa mtu wa kulalamika tu. Yeye na wenzake walikuwa wamechimba mashimo nyuma ya vibanda. Badala ya kumwaga mferejini, walitupa humo maganda, matumbo ya samaki, majivu na majani, wakawa wanageuza kwa koleo mpaka vinaiva kuwa udongo mweusi, yaani mboji. Ilikuwa imekuwa kilima. Shida ni kwamba mjini hakuna wa kuichukua, watu hawana mashamba, wana vibaraza. Na serikali ya mtaa ilikwisha sema: mvua zikianza kilima hicho kiwe kimeondoka, vinginevyo kitasukumwa ghubani chote kwa mara moja.

Mama alichota mboji, akaisugua viganjani, akainusa. "Hii ni yangu," akasema. "Nitilieni kwenye magunia yangu."

Shabani ndiye aliyekataa. Alikataa kwa adabu, ameshika kofia yake. "Mama, nimeshachukua bati na mitumba ya watu. Nguo zikinuka samaki, nani atavaa? Halafu nitabeba vipi mzigo ambao sijui kama utapokelewa? Hebu pelekeni kidogo kwa treni. Kijiji kikiupokea, wallahi lori langu halitapanda tena mlima bila mboji. Wakiukataa, basi tena."

Ikawa hivyo. Magunia sita. Wakati wa kuagana Mwanaidi alimshika mama mkono, hakuuachia haraka. "Shabani akishuka safari ijayo ataniletea jibu. Nisipopata jibu zuri, mama, haya yote tuliyoyazuia yatarudi majini, na wenzangu hawatakubali tena kushika koleo. Watasema niliwachezea."

"Kikapu hakirudi kitupu," mama alimjibu. Lakini alilisema polepole kuliko kawaida yake. Alikuwa anakijua kijiji chake.

Kwenye reli

Bila Shabani, mkalimani wetu alikuwa amekwenda. Mimi na mama tulikaa kwenye behewa moja, magunia sita katikati, kila mtu anatazama dirisha lake, na hakuna wa kumwambia mwenzake kitu. Tulipita mbuga nzima kimya hivyo. Tembo walikuwa kwenye dirisha langu, sikuwa na namna ya kumwambia. Iliniuma.

Kisaki alipanda dada mmoja wa Makete aliyekuwa akirudi kwao na mtoto mchangamfu aitwaye Faraja, hajaanza hata kutambaa vizuri. Mama akamwomba ampakate. Akamweka mtoto magotini, akamwambia usoni kwa makini sana: "Faraja, mwambie baba huyo afunge dirisha, masizi yanaingia."

Nilifunga dirisha. Kisha nikamwambia Faraja: "Mwambie bibi, huku kulikuwa na tembo."

"Faraja, mwulize mbona hakusema mapema."

Mama Faraja alitutazama, akaelewa mara moja, maana kwao nako yapo. Akawa anamgeuza mtoto huku na huku kama redio. Kupitia mtoto huyo nilijua mengi. Nilijua kwamba mama alikuwa anapenda ndizi mbivu lakini mumewe alikuwa hazipendi, hivyo hakuwahi kununua. Nilijua kwamba aliwahi kuogopa Eliza ameolewa na mtu wa maneno mengi. "Faraja, na bado ni wa maneno mengi," akamalizia, "ila kumbe hana ubaya." Nilijifanya naangalia nje.

Harufu ndiyo iliyokuwa adui. Kwanza mama mmoja alidhani tunauza dagaa, akataka kununua kikombe. Akatia mkono guniani, akautoa haraka, akahama behewa. Wengine wakaanza kunong'ona. Joto la Kilombero lilipozidi, minong'ono ikawa kelele.

Mlimba

Mlimba treni ilisimama ikakaa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeangusha mawe kwenye reli huko mbele milimani, na mafundi walikuwa wamekwenda kuyatoa. Watu walishuka, wakatandika khanga, stesheni ikageuka sebule. Nilinunua wali na samaki wa Kilombero kwenye jani la mgomba, na mkungu mdogo wa ndizi mbivu, nikauweka mapajani kwa Faraja. Mama alizila karibu zote, akanirudishia kikonyo chenye ndizi moja. Hata mkungu haukurudi mtupu.

Kisha akaja mlinzi wa behewa. "Wenye samaki waliooza ni kina nani? Shusheni. Abiria wamelalamika, na wana haki."

"Si samaki," nilisema. "Ni mboji."

"Inanuka kama samaki, iko kwenye gunia kama samaki. Shusheni."

Mama alikaa juu ya magunia. Hakugombana, alikaa tu, amekunja mikono, uso chini. Mlinzi akawa hajui la kufanya, mtu mzima huwezi kumvuta. Watu wakatuzunguka, wengine wanacheka, wengine wamekasirika kweli. Nilianza kueleza habari ya ghuba na mlenda na samaki wasio na pumzi, nikaona nazidi kuwachanganya.

Ni mama Faraja aliyeona. "Hebu tazameni hapa."

Kwenye tundu la gunia la chini kulikuwa na kitu cha kijani. Kichipukizi cha nyanya. Pembeni yake kingine. Tukageuza gunia, upande wa pili yalikuwa yametoka majani mawili manene ya boga. Mbegu za sokoni zilizokuwa ndani ya mboji zilikuwa zimepata unyevu na joto la njiani, zikaona zimefika shambani.

Mzee mmoja aliyekuwa analalamika kuliko wote alichuchumaa, akakigusa kijimche kwa kidole. "Kimejipanda chenyewe," akasema. "Ndani ya treni."

Mlinzi alivua kofia akajikuna kichwa. "Basi yasogezeni mlangoni, upepo upite," akasema. Kabla hajaondoka akarudi. "Bibi, hicho cha nyanya, kitakufa? Nyumbani nina kibustani." Mama akamng'olea viwili, akavifunga kwenye jani lililobaki la mgomba.

Makambako tena

Tuliingia Makambako asubuhi, ukungu umeshika stesheni. Kwa kuchelewa kule, treni haikutaka kusimama sana. Wapagazi walinusa, wakageukia mizigo mingine. Nikavuta gunia la kwanza peke yangu, likanasa mlangoni, na filimbi ikalia.

"Zakayo! Shika huku, mimi nashika huku. Inua!"

Nilishika, nikainua. Tulishusha yote sita namna hiyo, mama upande huu, mimi upande ule, na gunia la mwisho lilipotua chini ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa namtazama usoni. Alikuwa amenitaja jina. Alikuwa na macho ya Eliza, yaleyale, na kishimo kilekile cha shavuni upande wa kushoto. Miaka yote hii nimelala karibu na sura ya mama huyu bila kuijua. Tukainamisha vichwa wote wawili kwa pamoja.

Shabani alikuwa anatungoja na lori. Akaona vile vichipukizi, akapiga mluzi, lakini akashika msimamo wake. "Kijiji wakipokea," alisema.

Kichiwa

Harufu ilitutangulia. Mpaka tunashusha, nusu ya majirani walikuwa uani. Wa kwanza kusema alikuwa Baba Daudi, jirani wa mpaka, ambaye mashamba ya wengi hufuata analosema.

"Mama Eliza, tunakuheshimu. Lakini hii imetoka baharini, chumvi yake itaua ardhi. Na ni uchafu wa watu tusiowajua, hatujui wana maradhi gani. Ukiutia juu, mvua itauleta kwangu chini. Hatukubali."

Wengine wakaitikia. Nikaeleza kwamba mboji haijagusa bahari, kwamba imezuiwa ndiyo isifike baharini, kwamba ni maganda ya viazi vyetu wenyewe. Nilieleza vizuri sana, na hakuna aliyesikiliza. Shabani aliniangalia kwa masikitiko, akaanza kukunja turubai. Nilimfikiria Mwanaidi na koleo lake.

Mama alikuwa ameingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kitambaa kipya kichwani. Akaweka kigoda katikati ya ua, akakaa, akamwambia Eliza mbele ya watu wote: "Mwambie mumeo alete zawadi yake."

Nikamnong'oneza Eliza kwamba sina mbuzi. Eliza, mtoto mgongoni, alikuwa anauma midomo asicheke. "Anasema magunia, wewe. Yalete."

Kila mtu pale alijua maana yake. Zawadi ya mkwe haifanyiwi dharau. Hainuswi, haisemwi vibaya, hairudishwi. Mama akiipokea, majirani huisindikiza mpaka mahali pake, na anayeitukana amemtukana mama, mkwe na marehemu mumewe. Niliburuta gunia la kwanza mpaka miguuni pake, nikapiga magoti.

Aliweka mkono juu yake. "Mkwe wangu ameniletea shamba langu," alisema. "Nimelipokea."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Eliza. Cha pili sikujua cha nani, kisha vikawa vingi. Baba Daudi alisimama hapo, akimtazama mama, kisha gunia, kisha mama. Mwishowe akatikisa kichwa kama mtu aliyefungwa goli zuri, akakunja mikono ya shati, akabeba gunia begani. Pua yake ilikuwa imekunjamana, ila hakusema neno. Wengine wakamfuata mpaka shambani.

"Mama huyu angekuwa na lori," Shabani aliniambia, "mimi ningeuza sabuni mtaani." Akawasha gari akaenda kumpelekea Mwanaidi jibu.

Sitawadanganya, lori moja haliponyi bahari. Lakini Shabani ameshapanda na mboji mara mbili, na anasema kile kilima nyuma ya vibanda kimeanza kupungua kabla ya mvua za huko, na wenzake Mwanaidi wameongeza mashimo. Baba Daudi amekuja kuuliza zamu yake. Vile vimche vya nyanya na boga viko ukutani mwa jiko la mama, anavimwagilia mwenyewe.

Jioni ile ya kwanza, watu walipotawanyika, mama alitandika mkeka mmoja. Eliza akaleta ugali, maharage na kabichi kwenye sahani moja, akaondoka. Nilinawa kwa sabuni, nikanusa vidole, bado vinanuka pwani. Nikanawa tena. Mama alikuwa ananitazama.

"Acha," alisema. "Na vyangu vinanuka."

Akamega tonge, nami nikamega. Tukala.